Kabla ya Kupaka Upya, Uliza Maji Yatoka Wapi

Ndugu msomaji, katika nyumba nyingi za mjini chumba kikubwa kuliko vyote ni kile kisicho na paa, nacho ni ua. Uani ndiko kunakopikwa na kufuliwa. Ndiko mtoto anakojifunzia kutambaa na mzee anakoota jua la asubuhi. Ndiko turubai hufungwa siku ya arusi, na siku ya msiba vilevile. Ukitaka kuifahamu familia usiitazame sebule yake, kwa maana sebule hupangwa kwa ajili ya mgeni. Itazame sakafu ya ua wake.

Wazee wetu walikuwa na ua wa mchanga uliofagiwa kila alfajiri. Leo mchanga umevipisha vitofali vya saruji ambavyo kila mtu huviita pevingi, na kwa baadhi yetu matofali ya udongo ya kuchoma. Na kwa kuwa binadamu hupenda king'aacho, wengi wetu tukisha kutandika tunapaka juu yake dawa ya kuziba vinyweleo, ili sakafu ing'ae, isishike mafuta wala isiote ukoga. Lakini dawa hiyo haidumu milele. Baada ya miaka michache hufubaa, nasi hutaka kupaka tena.

Nataka leo tuzungumze juu ya huko kupaka tena. Pengine utaona kwamba ni jambo dogo mno kujaza ukurasa wa gazeti. Hata hivyo, jambo hilo dogo liliipotezea familia yetu fedha, likamwangusha Mama yetu chini, na mwishowe likafichua siri ambayo Mama alikuwa ameibeba peke yake kwa nusu mwaka.

TOFALI HUNYWA, TENA HUPUMUA

Chukua tofali kavu la kuchoma ulitumbukize katika ndoo ya maji. Utaona mapovu yakipanda juu. Hayo mapovu ni hewa inayotoka katika vinyweleo vya tofali, na nafasi yake inachukuliwa na maji. Ndiyo sababu mwashi hodari huyalowesha matofali yake kabla ya kujenga, ili yasiunyonye mchanganyiko wa saruji ukakauka kabla ya wakati wake. Moto wa tanuri huzishikamanisha chembe za udongo zikawa ngumu kama jiwe, lakini hauzibi kila mwanya uliopo baina ya chembe hizo.

Tofali hili si kitu cha kudharauliwa. Mwaka 1977, alipokuwa akiipima miaka 10 ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliwalaumu watu waliokataa kujenga kwa matofali ya kuchoma na vigae huku wakikaa kusubiri saruji na bati. Tofali la kuchoma lililoiva vizuri litadumu kuliko mtu aliyelifyatua, mradi tu lisizuiwe kufanya kazi yake ya asili, nayo ni kunywa maji na kuyatoa.

Tofali la ukutani hupigwa na mvua upande mmoja. Tofali la uani lina taabu mbili: juu linanyeshewa, na chini limelalia ardhi yenye unyevunyevu. Jua linapowaka, maji yaliyomo ndani hupanda juu na kuondoka kama mvuke. Katika safari hiyo maji huchukua chumvichumvi zilizomo ardhini, katika saruji na katika tofali lenyewe. Yakifika juu, maji huruka na chumvi hubaki. Ule unga mweupe unaouona juu ya matofali baada ya masika, ambao watu wengine hudhani ni kuvu, aghalabu ni chumvi hiyo. Ukiufagia kwa brashi kavu unatoka. Ukiumwagia maji, chumvi huyeyuka, ikarudi ndani, ikangoja siku nyingine ya jua.

Sasa fikiri, ndugu msomaji, yatokeayo utakapoifunika njia hiyo ya kutokea. Maji hayaachi kupanda kwa sababu wewe umepaka dawa. Yatafika chini ya utando, yakwame hapo, na utando utageuka mweupe kama maziwa. Chumvi nayo, kwa kuwa haina pa kutokea, itaganda chini kidogo ya uso wa tofali, na ikiganda hutanuka. Hapo uso wa tofali hubanduka magamba kwa magamba, na gamba la tofali likisha kubanduka hapana dawa iwezayo kulirudisha.

DAWA SI MOJA

Madukani utaambiwa tu kwamba ni dawa ya matofali, lakini ziko za namna mbili, na anayepaka upya asipozitofautisha ataharibu. Namna ya kwanza huzama ndani ya tofali na kuyafanya maji yasishike, bila ya kuacha ngozi yoyote juu. Tofali lililopakwa dawa hiyo halingi'ari. Utalidhania halikupakwa kitu. Faida yake ni kwamba mvuke huendelea kutoka. Namna ya pili haizami sana, bali hutandaza utando juu ya tofali. Hiyo ndiyo inayong'aa na kukoleza wekundu wa tofali, na ndiyo wanayoipenda watu wa arusi. Katika hiyo ya pili mna tena aina mbili: inayochanganywa kwa maji, na inayochanganywa kwa vimiminiko vikali vya jamii ya thina.

Sakafu mpya isiyopata kupakwa hukuachia uchaguzi. Sakafu iliyokwisha kupakwa imekuchagulia tayari. Ukileta dawa ya kuzama juu ya utando wa zamani, haitazama. Itabaki juu inanata na kuokota vumbi. Ukileta utando wa maji juu ya utando wa thina, mara nyingi hautashika vizuri, na siku moja utaambuka kama ngozi ya nyoka. Lakini utando wa thina juu ya utando wa thina wa jamii moja hushikana, kwa kuwa ule mpya huulainisha ule wa zamani ukaungana nao. Kwa hiyo swali la kwanza la mpakaji wa pili si kwamba atanunua nini. Ni kwamba mpakaji wa kwanza alitumia nini.

UA WA MAREHEMU BABA

Ua wetu ulitandikwa na marehemu Baba mwaka 2009, alipostaafu kazi yake ya ufundi wa mitambo kiwandani. Matofali aliyaagiza Morogoro, akayatandika mwenyewe kwa wiki tatu, mstari baada ya mstari, juu ya mchanga alioushindilia kwa gogo. Kisha akayapaka dawa ya utando, na tangu hapo kila baada ya miaka mitatu au minne alikuwa akirudia. Kazi hiyo aliifanya mwezi wa Julai au Agosti tu. Kabla ya kupaka, alipiga marufuku kumwaga maji uani kwa wiki nzima, na sisi tukinung'unika kwa kulazimika kufulia barazani. Hakutueleza sababu, nasi hatukuuliza. Tulidhani ni ukali wa kawaida wa wazee.

Baba alifariki mwaka 2020. Ua ukafubaa, na hapana aliyeugusa mpaka mwaka 2024, alipoposwa mdogo wetu wa kike. Arusi ilipangwa mwishoni mwa Aprili, katikati ya masika, na masika ya mwaka ule ilikuwa ya mvua nyingi na mafuriko katika sehemu nyingi za nchi. Kaka yetu mkubwa, ambaye ndiye aliyeushika mzigo wote wa shughuli ile, hakutaka wakwe waukute ua ukiwa umepauka.

"Nyumba ya marehemu haiwezi kuonekana kama imekosa mwenyewe," alisema.

Maneno hayo yalikuwa ya mtoto mwema, na simlaumu. Mimi nilikuwa mkoani kwa kazi ya gazeti. Akatafutwa fundi, na fundi akaahidi siku mbili. Siku ya kwanza akaosha ua kwa mashine ya maji ya nguvu, kama zile za kuoshea magari. Siku ya pili, jua lilipotoka kwa saa chache, akapaka. Niliporudi, niliukuta ua unang'aa kama meza ya seremala. Arusi ikafana. Wakwe wakausifu ua, Kaka akatabasamu, na Mama akanyamaza.

Kabla ya Mei kwisha, madoa meupe yakajitokeza. Yalianza karibu na jiko, yakasambaa mpaka langoni. Mahali pengine utando ukavimba kama malengelenge. Na pale palipobaki laini, pakinyesha pakawa pana utelezi mkubwa. Asubuhi moja ya mwanzo wa Juni Mama alitoka jikoni na birika la chai mkononi, mguu ukaponyoka, akaanguka ubavu. Mungu alisaidia: chai haikummwagikia, na hospitali wakatuambia nyonga ni nzima, ni mkono tu ulioteguka. Lakini mama wa miaka 68 kuanguka si jambo la kusimuliwa kwa kicheko. Mifupa ya umri huo haingoji kuambiwa mara mbili.

Kaka akampigia fundi simu. Jibu la fundi lilikuwa jepesi: "Ongezeni mkono mmoja, weupe utapotea."

Hapo ndipo penye mtego, ndugu msomaji, na ndipo wengi hunaswa. Ni kweli kwamba mkono mpya wa dawa huufanya weupe upotee kwa siku chache, kwa kuwa umajimaji wa dawa huulainisha utando uliokwama maji. Kisha weupe hurudi ukiwa mnene zaidi, maana sasa maji yamefunikwa na tabaka tatu badala ya mbili. Unaponunua mkono huo wa nyongeza, unanunua ugonjwa uleule kwa bei mpya.

MZEE NA KIKOMBE CHA MAJI

Jirani yetu wa nyumba ya tatu ni mwashi aliyeacha kazi kwa ajili ya uzee. Nilimwendea jioni, nikampa shikamoo, nikamweleza.

"Marahaba, mwanangu," akajibu. "Msipake kitu. Mwezi huu wote msimwage maji uani, nami nitakuja Julai, ardhi ikisha kukauka."

Akaja kama alivyoahidi, akiwa na kikombe, kitambaa, kichupa cha thina na mfuko wa nailoni alioupasua ukawa shuka. Alipiga magoti akamwaga maji kidogo kidogo mahali mbalimbali. Mahali pengine maji yalisimama kama matone juu ya jani la mgomba. Akasema hapo dawa ingali hai. Mahali pengine tofali lilikolea rangi mara moja. Akasema hapo dawa imekwisha, tofali linakunywa. Kisha akakilowesha kitambaa kwa thina, akakisugua pembeni ambako fundi hakufika. Utando wa Baba ukalainika na kunata kidoleni. Akasugua na ule wa fundi, kisha akaukwangua kwa ukucha: ukatoka peke yake kama karatasi, na wa Baba ukabaki chini.

"Marehemu alitumia ya thina," akasema. "Huyu kaleta ya maji, tena juu ya sakafu mbichi. Hazikusalimiana."

Mwisho alibandika vipande vya nailoni juu ya matofali, akavizungushia gundi ya karatasi pande zote, akatuambia tuviache mpaka kesho. Asubuhi yake vipande vya langoni na vya katikati vilikuwa vikavu. Kile cha karibu na jiko kilikuwa kimejaa matone chini yake, kama kifuniko cha sufuria ya wali. Hapakuwa pamenyesha kwa wiki kadhaa. Mzee akakitazama kwa muda mrefu.

"Langoni ni maji ya masika yaliyofungiwa, yamekwisha kutoka," akasema. "Hapa ni jambo jingine. Hapa pana chemchemi, au pana bomba."

Tukayafunga mabomba yote ya nyumba, tukaenda kuitazama mita. Kile kigurudumu kidogo cha mita kilikuwa kikizunguka taratibu, usiku na mchana, kwa maji ambayo hapana mtu aliyekuwa akiyatumia.

Ndipo Mama, aliyekuwa ameketi barazani na mkono wake wa bendeji, aliposema. Bili ya maji ilikuwa imeanza kupanda tangu Januari. Mwezi wa pili ikapanda zaidi. Kufikia Aprili ilikuwa mara tatu ya kawaida. Alikuwa akiilipa kutoka katika fedha za vitumbua vyake, na miezi miwili ya mwisho alikuwa amekopa kwa wenzake wa kikundi.

"Mbona hukutuambia, Mama?" Kaka akauliza.

"Mlikuwa na michango ya arusi, wanangu. Ningewaongezea nini?"

Hapana aliyemjibu. Kaka alikwenda kuchukua koleo.

Tulifukua matofali 40. Kiungo cha bomba kilikuwa kimelegea, na mchanga wa Baba uliokuwa umeshindiliwa vizuri ulikuwa umegeuka tope. Kiungo kipya hakikufikia hata sehemu ya kumi ya fedha alizolipwa fundi wa kupaka, wala hakikukaribia deni la Mama.

WAHENGA WA PWANI WALIYAJUA HAYA

Jambo hili la kuacha maji yapite si geni kwetu. Majumba ya Kilwa Kisiwani na ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe yaleyale, na kuta zilipakwa chokaa tena na tena, tabaka juu ya tabaka, kwa miaka mingi. Hawa nao walikuwa wakipaka juu ya kilichokwisha kupakwa! Tofauti ni kwamba chokaa hupumua: kila tabaka jipya lilikuwa la ukoo mmoja na lile la chini, na unyevu ulipita katika yote. Kuta za namna hiyo zilipoanza kukandikwa saruji katika zama za karibuni, unyevu ulifungiwa ndani, plasta ikapasuka, na chumvi ikaanza kuyala mawe. Wanaoyatunza majengo hayo siku hizi husisitiza kurudi kwenye chokaa.

Methali yetu husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni methali ya kweli. Lakini inakutaka kwanza uujue ufa. Aliyeziba ua wetu aliziba mahali ambapo nyumba ilikuwa ikijaribu kutuambia habari zake, na ufa wenyewe akauacha chini ukitiririka.

KAMA UNATAKA KUPAKA UPYA

Kwa ajili ya wewe ambaye una ua wa matofali, au wa pevingi, ambao ulikwisha kupakwa na sasa umefubaa, nayaandika hapa yale tuliyoyafanya baadaye kwa uongozi wa mzee yule, ukayapime kwa hali ya nyumba yako.

Kwanza, chagua majira. Katika mwambao wetu, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba si wakati wake. Kipupwe, yaani Juni hadi Agosti, ndicho kinachofaa. Arusi na ziwe lini zitakavyo, matofali hayana kalenda ya arusi.

Pili, pima kabla ya kununua. Kikombe cha maji kitakuambia kama dawa ya zamani ipo au imekwisha. Kama maji yangali yanasimama kama matone ua mzima, usipake. Ngoja mwaka mwingine, kwani tabaka zikizidi nazo huleta weupe. Kitambaa chenye thina kitakuambia kama utando wa zamani ni wa jamii ya thina. Nailoni ya usiku mmoja itakuambia kama chini pana maji. Na mita ya maji, mabomba yote yakiwa yamefungwa, itakuambia yatokako.

Tatu, utando ulioambuka, uliovimba au uliogeuka mweupe sharti uondolewe. Ziko dawa za kuuondolea, nazo husuguliwa kwa brashi ngumu kisha zikaoshwa. Mashine ya maji ya nguvu itumike kwa uangalifu, mdomo wake ukiwa mbali na tofali, kwa kuwa ikikaribia mno huchimba uso wa tofali na kuukokota mchanga wa katikati ya viungo. Ule mchanga ni muhimu: ndio unaoyabana matofali yasicheze. Ukitoka, urudishe mchanga mkavu na kuufagilia ndani mpaka viungo vijae. Chumvi nyeupe iondolewe kwa brashi kavu kwanza.

Nne, baada ya kuosha, acha ua ukauke. Usihesabu saa, hesabu siku, kisha rudia kile kipimo cha nailoni. Sisi, kwa sababu ya lile bomba, tulingoja wiki sita.

Tano, paka mikono miwili myembamba, usipake mmoja mzito. Anza umande ukisha kukauka, nawe usipake katika jua kali la saa sita, kwa maana dawa hukauka juu kabla ya chini, ikaota mapovu. Jaribu kwanza pembeni, katika eneo dogo, uone baada ya siku kadhaa. Kama ni dawa ya utando, omba ichanganywe na unga wa mchanga laini unaotengenezwa kwa kazi hiyo, ili sakafu isiteleze ikilowa. Katika nyumba yenye mzee, mjamzito au mtoto, jambo hili si la hiari.

Sita, thina na dawa za jamii yake hushika moto upesi, na mvuke wake huleta kizunguzungu na kuumwa kichwa. Jiko la mkaa lizimwe, sigara isiwashwe, madirisha ya upande ule yafungwe, na watoto wapelekwe kwa jirani mpaka harufu iishe.

Saba, ukimwajiri fundi, mwulize maswali mawili mbele ya shahidi: sakafu hii ilipakwa nini zamani, na umejuaje kwamba ni kavu? Fundi wa kweli atafurahi kuulizwa. Asiye wa kweli atakuambia una haraka ya nini na maswali, ilhali mwenye haraka ni yeye.

Sisi tuliupaka ua wote, isipokuwa ile sehemu ya kutoka jikoni hadi kwenye bomba. Mama ndiye aliyekataa. "Hapa pawe wazi," alisema. "Pakilowa, nipaone." Matofali ya hapo yamebaki na rangi yao ya udongo, hayang'ai, na mgeni huweza kudhani dawa ilituishia. Ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Ndugu msomaji, fedha ya mfanyakazi haina ndugu, ikipotea haiitiki. Kabla hujaitoa kwa kitu cha kung'aa, itoe kwanza kwa kitu kilicho chini. Nyumba hufubaa, na watu waliomo nao huchoka. Na katika yote mawili kuna kishawishi cha kupaka juu upesi kabla wageni hawajafika. Basi leo Jumapili, ukiwa umepumzika, funga mabomba yote ya nyumba yako uende ukaitazame mita. Kisha, kama mama yako yu hai, mwombe akuonyeshe bili za miezi mitatu iliyopita. Usimwulize kama mambo ni mazuri, kwani atakuambia ni mazuri. Omba uzione karatasi zenyewe.